Kufunga zawadi na kutengeneza mapambo ya sikukuu kwa vitu vilivyokwisha kazi nyumbani

Tazama karatasi ya zawadi iliyokwisha kufunguliwa. Katikati ni nzima kabisa, mikunjo yake inanyooka kwa pasi, na rangi haijapungua. Palipochanika ni pale tu selotepu ilipobandikwa. Karatasi hiyo ingeweza kufunga zawadi nyingine mbili tatu, ila inatupwa kwa sababu ya vipande vichache vya plastiki yenye gundi. Kwa hiyo anayetaka kufunga zawadi na kupamba nyumba kwa vitu vilivyokwisha kazi ajue kwanza kushikiza: fundo, mkunjo, uzi na gundi ya unga.

Kipi kinafaa na kipi hakifai

Karatasi bora kuliko zote ni ya kaki, ile ya mifuko ya kubebea vitu na bahasha kubwa. Nyuzi zake ni ndefu, hivyo haichaniki ovyo kwenye kona za boksi, ukiikunja inakaa, na inanywa rangi vizuri. Mfuko wa kaki ukatwe pale penye mshono wa gundi, uondolewe kitako na vishikio, kisha upande wenye maandishi uwe wa ndani. Kurasa za majarida ya rangi ni imara lakini ni ndogo. Zifae zawadi za ukubwa wa kiganja na maua ya karatasi. Kalenda za ukutani ni nene mno kwa boksi dogo, maana mkunjo wa pembeni unavimba na kufumuka. Zitumie kwa vifuko na bahasha.

Gazeti la kila siku lina tabu moja: wino wake una mafuta na huishia kunywewa na karatasi badala ya kukauka ukawa gamba gumu, hivyo hutoka kwenye vidole na kuchafua kitu cheupe. Gazeti lililokaa wiki kadhaa huchafua kidogo kuliko la leo. Ukitaka kulitumia kwa nje, lipake juu gundi ya unga iliyozimuliwa sana (sehemu moja ya gundi kwa tatu za maji), ulianike likiwa limenyooka, kisha lipigwe pasi ya vuguvugu. Bila hivyo, liwe la ndani, la kujazia nafasi.

Huna hakika kama karatasi ina plastiki? Ifinyange kwenye ngumi, kisha ufungue mkono. Ikibaki donge, ni karatasi. Ikijikunjua yenyewe, ina utando wa plastiki: gundi ya unga haitaishika, pasi itaiyeyusha, na haifai kuchanganywa na karatasi za kurejelezwa. Hiyo iendelee kutumika kama ilivyo, ikifungwa kwa kamba.

Risiti za mashine ziache kabisa. Karatasi yake ina kemikali inayogeuka nyeusi kwa joto, na si kitu cha kumpa mtoto akachezee. Vumbi la kumetameta nalo lisiingie kwenye kazi hii. Kwa kawaida ni chembechembe za plastiki, na zikishaganda kwenye karatasi hakuna njia ya kuzitoa.

Gundi ya unga

Vijiko 3 vya chakula vya unga wa ngano na kikombe 1 cha maji (kama mililita 240) vinatosha kwa kazi ya siku nzima. Koroga unga kwenye robo kikombe ya maji baridi mpaka pasiwe na hata donge moja. Robo tatu iliyobaki ichemshe, kisha mimina humo unga uliokorogwa, polepole, huku mkono mwingine ukikoroga bila kusimama. Punguza moto, endelea kwa dakika 2 au 3. Utaona rangi ikibadilika: mwanzo ni nyeupe kama chokaa, mwisho inakuwa ya kung'aa kidogo na unaanza kuona kijiko kupitia kwenye tabaka jembamba. Hapo imeiva. Tia nusu kijiko cha chai cha chumvi ili ichelewe kuota ukungu, iache ipoe. Kwenye jokofu hukaa siku 3 au 4. Ikianza kunuka uchachu, imwage.

Makosa ni yale yale kila mara. Ukimwaga unga mkavu kwenye maji ya moto unapata madonge, kwa sababu ngozi ya donge huiva mara moja na kuufungia unga mkavu ndani. Gundi isiyoiva hushika ikiwa mbichi, kisha hubanduka kama magamba ikikauka. Gundi nzito huacha michirizi inayoonekana juu ya karatasi. Izimue kwa maji ya moto, kijiko kimoja kimoja.

Halafu kuna kupinda. Karatasi iliyoloa hutanuka, ikikauka husinyaa, na inapovutika huikunja kadibodi iliyobandikwa. Ukibandika karatasi upande mmoja wa kadibodi, asubuhi utaikuta imejikunja kama mtumbwi. Dawa ni mbili: bandika karatasi pande zote mbili ili zivutane sawa, au weka kazi chini ya vitabu vizito kwa saa 12. Katikati yake pawe na kipande cha mfuko wa plastiki, la sivyo utabandika na kitabu.

Kupima karatasi ya boksi

Karatasi nyingi hupotea kwa kukata kwa macho. Vipimo viwili tu vinatosha. Urefu wa karatasi ni mzunguko wa boksi, ukiongeza sentimita 2 za kupishana. Upana wake ni urefu wa boksi, ukiongeza robo tatu ya kimo kwa kila upande.

Chukua boksi la sentimita 20 kwa 12, kimo 6. Mzunguko ni 12 + 6 + 12 + 6, yaani 36. Ukiongeza 2 ni 38. Robo tatu ya 6 ni 4.5, kwa pande mbili ni 9. Ukijumlisha na 20 ni 29. Karatasi inayotakiwa ni ya sentimita 38 kwa 29. Watu wengi huacha pembeni karatasi ya kutosha kimo kizima au zaidi, na hapo ndipo panapotokea vile vivimbe vya kona visivyokubali kulala.

Weka boksi likiwa limelala kifudifudi katikati ya karatasi. Pandisha upande mmoja, pandisha wa pili, ukingo wa juu ukunjwe sentimita 1 kuingia ndani ili usionyeshe mkato. Boksi lisogeze kidogo ili kiungo kiangukie kwenye ukingo wake badala ya katikati ya mgongo; kikiwa ukingoni hakionekani, na kinashikwa na kamba. Pembeni, sukuma kwanza masikio ya kushoto na kulia mpaka yagande kwenye boksi, pitisha ukucha kwenye mkunjo, kisha teremsha pembe ya juu na kupandisha ya chini. Karatasi ikichanika kwenye kona, mara nyingi ni kwa sababu ulipitisha ukucha kabla ya kuivuta ikaze, ukaja kuivuta baadaye.

Kushikiza kunatosha kwa nukta mbili za gundi ya unga, ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo: moja kwenye kila pembe ya pembeni. Kiungo cha mgongoni kiache kishikwe na kamba. Anayefungua atapitisha kisu butu chini ya nukta hizo na karatasi itatoka nzima.

Boksi la mraba lina njia nyingine inayookoa karatasi zaidi. Pima ulalo wa uso wake mkubwa kutoka kona hadi kona, ongeza kimo mara moja na nusu. Hilo ndilo jibu la upande mmoja wa karatasi ya mraba. Boksi la sentimita 15 kwa 15 lenye kimo 5 lina ulalo wa 21.2, ukiongeza 7.5 unapata 28.7, yaani karatasi ya 29 kwa 29. Boksi liweke mshazari, kona za karatasi zikitazama pande za boksi, kisha kunja kona nne zikutane juu katikati. Kwa njia ya kawaida boksi hilo lingetaka 42 kwa 22.5, eneo la sentimita za mraba 945. Kwa mshazari ni 841. Na pale juu kona zinapokutana panatosha kitu kimoja tu cha kushikiza: kifungo cha shati, jani kavu, au kipande cha kadi ya mwaka jana. Kwa boksi refu na jembamba njia hii haifai, kona hazifiki.

Kuokoa karatasi iliyokwisha tumika

Selotepu ya zamani haivutwi kwenda juu. Ipashe joto kwanza kwa pasi ya vuguvugu juu ya kitambaa, kwa sekunde 10 hivi, gundi yake ilainike. Kisha ikunje irudi juu ya mgongo wake mwenyewe na uivute ikiwa imelala, taratibu. Ukiivuta wima unanyanyua ngozi ya karatasi.

Kunyoosha mikunjo ni pasi kavu, joto la chini kabisa, upande wa nyuma, na kitambaa cha pamba juu yake. Mvuke usitumike, unavimbisha karatasi na kuongeza mikunjo mipya. Yale makunyanzi yasiyotoka, yazidishe: finyanga karatasi nzima mara tatu nne, ifungue, na makunyanzi yanakuwa nakshi. Kwa kaki hasa hupendeza, nayo hulainika kama ngozi.

Kaki tupu ikionekana kavu mno, ipige muhuri. Kata kiazi mbichi katikati, chora umbo kwa ncha ya kisu na uondoe kinachozunguka kwa kina cha nusu sentimita. Jambo la kutosahau: kausha uso wa kiazi kwenye kitambaa kabla ya kila kupaka rangi, kwa sababu maji yake huizimua na umbo linatoka likiwa na madoa katikati. Herufi zichongwe kinyumenyume. Kizibo cha chupa kilichozungushiwa uzi wa kufuma kwa gundi hutoa mistari myembamba ambayo kiazi hakiwezi.

Kitambaa hakihitaji gundi wala mkasi

Skafu yenye doa, foronya iliyobaki pekee, shuka lililochakaa katikati lakini zima pembeni: vyote hivi ni karatasi ya zawadi inayodumu miaka. Wajapani wana sanaa nzima ya kufunga vitu kwa kitambaa cha mraba, inayoitwa furoshiki, na kanuni yake ya kipimo ni nyepesi: ulalo wa kitambaa uwe karibu mara tatu ya upande mrefu wa kitu. Kitambaa cha sentimita 50 kina ulalo wa kama 70, hivyo kinafunga kitu cha hadi 23. Cha sentimita 70 kinafika 33.

Weka kitu mshazari katikati. Funika kwa kona iliyo karibu nawe, kisha kwa ile ya mbali, na uiingize ncha yake chini ya kitu. Kona za kushoto na kulia zikutane juu na kufungwa fundo. Hapo kwenye fundo ndipo kazi inapopona au kuharibika. Kulia juu ya kushoto, pitisha chini, kaza. Kisha kushoto juu ya kulia, pitisha chini, kaza. Likiwa sahihi, masikio mawili hulala kushoto na kulia, sambamba na kitambaa kinachotoka pembeni, na fundo ni bapa. Masikio yakisimama, moja likitazama juu na jingine chini, umerudia mwelekeo mmoja mara mbili. Fundo hilo linaonekana limekaza ukiwa mezani, ila litalegea zawadi ikiwa njiani. Lifungue na urudie nusu ya pili tu.

Kitambaa kinachoteleza, kama cha hariri au poliesta, kiloanishe kidogo kwenye ncha kabla ya kufunga. Kitambaa kizito cha jinzi kiache. Fundo lake linakuwa kubwa kuliko zawadi.

Pamba nyeupe iliyofifia inaweza kupewa rangi ya maganda ya vitunguu. Kusanya maganda makavu ya nje mpaka uzito wake ulingane na wa kitambaa kikavu. Ni mengi kuliko unavyodhani, kwa sababu ni mepesi. Chemsha dakika 45, chuja, tumbukiza kitambaa kilichofuliwa kwa sabuni na bado kibichi, na ukiache kwenye moto mdogo kwa saa moja. Kipoe humo humo. Hutoka rangi ya dhahabu iliyoelekea kahawia. Ukikichemsha kwanza na shabu, ile ya kusafishia maji, rangi inang'aa na kushika zaidi. Ukitumia sufuria ya chuma inakuwa nzito na ya kijanikijani. Kitambaa kilichokosa kufuliwa hutoka na mabaka, mafuta yamezuia rangi. Poliesta haitashika kitu, usipoteze maganda.

Shati la mikono mirefu lina vifuko vilivyokwisha shonwa nusu. Kata mkono pale bega linapoanza, ugeuze ndani nje, shona upande uliokatwa, ugeuze tena. Sasa una mfuko wa chupa unaofungwa kwa kifungo cha ncha ya mkono wa shati lenyewe. Kifua cha shati nacho, ukikata mraba wenye safu ya vifungo katikati na kuushonea mgongo, kinakuwa kifuko cha zawadi kinachofunguliwa kwa vifungo.

Kamba kutoka kwenye fulana

Kitambaa cha fulana hakifumuki nyuzi kikikatwa. Badala yake hujikunja. Hiyo ndiyo inayokifanya kiwe kamba. Kata fulana kwa upana chini kidogo ya makwapa, ondoa na upindo wa chini, ubaki na bomba. Likunje kutoka upande mmoja kuelekea wa pili, ila usifike mwisho: acha ukanda wa sentimita 4 usiofunikwa. Kata mistari ya upana wa sentimita 2.5, ukianzia kwenye mkunjo wa chini na kupita matabaka yote, lakini simama kabla ya kuukata ule ukanda ulioachwa. Ufungue ukanda huo, utaona mipasuko ya pande mbili ikitazamana. Kata mshazari kutoka mpasuko wa kwanza wa upande mmoja hadi wa pili wa upande mwingine, na hivyo hivyo hadi mwisho. Ukikata moja kwa moja badala ya mshazari utapata pete nyingi, na si uzi mmoja mrefu.

Sasa vuta kamba yote, kipande kwa kipande, kwa nguvu. Kingo hujiviringisha na kamba inakuwa mviringo. Isipojiviringisha, umekata kwa urefu wa fulana badala ya upana. Fulana zenye mshono ubavuni hutoa kamba yenye vifundo kila mzunguko. Si kosa, ni sura yake tu, ila kwa kazi safi chagua isiyo na mshono.

Boksi lililogeuzwa ndani nje

Boksi la nafaka ya kifungua kinywa au la sabuni ni zuri, tatizo ni matangazo yake. Dawa si kulifunika, ni kuligeuza. Tafuta mshono mrefu wa gundi ndani ya kona mojawapo, pitisha kisu butu polepole. Ukigoma, upashe joto kwa pasi juu ya kitambaa kwa nusu dakika. Litandaze.

Kabla ya kuligeuza, chukua kalamu ya wino iliyokwisha na rula, upitishe kwa nguvu juu ya kila mkunjo upande ambao sasa utakuwa wa ndani. Bila alama hiyo kadibodi hukunjwa kwa mstari wa meno meno na ngozi yake hupasuka. Kisha likunje upya, upande wa kijivu ukiwa nje, ulibandike. Hapa gundi ya unga inaweza kushindwa: kiungo sasa kinakutanisha upande mkavu na upande uliochapwa, na uliochapwa mara nyingi una vanishi. Ukwangue kwa msasa au makali ya mkasi mpaka mng'ao utoke, ndipo upake. Bana kwa vibanio vya nguo kwa saa moja.

Ukikata kadibodi kutengeneza boksi jipya, ijaribu kwanza kwa kuikunja kidogo kwa urefu na kwa upana, bila kuivunja. Upande unaokubali kwa urahisi unaonyesha nyuzi zinakokwenda. Mikunjo mirefu ya boksi ifuate upande huo.

Kwa zawadi ndogo kama hereni au mbegu, bomba la ndani la karatasi ya chooni linatosha. Libonyeze liwe bapa, chora upinde kwenye kila mwisho kwa ukingo wa glasi, upitishe ile kalamu iliyokwisha, kisha sukuma midomo ya juu na ya chini iingie ndani. Linakuwa mto mdogo usiohitaji gundi kabisa.

Mapambo

Kadi za pongezi za mwaka uliopita ni kadibodi nzuri kuliko unayoweza kununua, na pambo linaloistahili ni tufe la duara 20. Chora duara la kipenyo cha sentimita 6 kwenye kadibodi. Bila kubadilisha bikari (bado imefunguka sentimita 3), tia alama sita kuzunguka duara, kisha unganisha alama kwa kuruka moja moja. Umepata pembetatu ya pande sawa, kila upande sentimita 5.2. Kata duara moja na pembetatu moja. Hizo ndizo vielelezo vyako.

Kata duara 20. Juu ya kila moja weka pembetatu, pitisha kalamu iliyokwisha kwenye pande zake tatu, ukunje mabawa matatu yasimame kuelekea upande wenye picha. Unganisha duara tano kwa mabawa yake, ncha za pembetatu zikikutana katikati: hicho ni kofia. Tengeneza kofia mbili. Duara kumi zilizobaki ziunganishe kwa mstari, moja ncha juu, inayofuata ncha chini, kisha ufunge mstari uwe pete. Kofia moja ibandikwe juu ya pete, nyingine chini. Kabla ya ile ya juu, pitisha uzi wenye fundo katikati yake. Kila kiungo kibanwe kwa kibanio dakika 10.

Kofia ikikataa kuinuka na kulala bapa mezani, hesabu: umeunganisha sita. Na tufe likikataa kufungwa mwishoni, pembetatu hazikulingana; tofauti ya milimita moja kwa kila kipande inajilimbikiza mpaka kofia ya mwisho inabaki na mwanya. Ndiyo maana hupimi kila duara upya kwa rula, unafuata kielelezo kimoja.

Ua la kuwekwa juu ya zawadi linatoka kwenye ukurasa mmoja wa jarida. Kata vipande 9 vya upana wa sentimita 2: vitatu vya 28, vitatu vya 25.5, viwili vya 23, na kimoja cha 9. Kila kirefu, leta ncha zake mbili katikati, kila moja ikizungushwa nusu mzunguko ili uso wa nje ubaki nje. Pande mbili zitachongoka kama namba 8. Zisipochongoka, hukuzungusha, umekunja tu. Panga virefu chini vikipishana kama miale, vya kati juu yake, kisha vifupi. Kile cha 9 kiviringishe kiwe pete ya kitovu. Sindano na uzi kupitia katikati hushika kuliko gundi, na kifungo juu ya pete huficha fundo.

Kopo la bati likitobolewa huwa taa nzuri, lakini ukilipiga msumari likiwa tupu linabonyea. Lijaze maji mpaka sentimita 2 chini ya mdomo, ligandishe usiku kucha, ulilaze juu ya taulo lililokunjwa, upige msumari kufuata mchoro uliobandikwa, matundu yakiachana sentimita 1. Barafu ndiyo inayoshikilia ukuta. Kitako huvimba kidogo kwa kuwa maji yakiganda hutanuka. Kirudishe kwa nyundo barafu ikishayeyuka. Vaa glovu, na ukingo wa mdomo upigwe tupa. Ndani weka taa ndogo ya betri. Ukipendelea mshumaa, kopo lisiwe karibu na mapambo ya karatasi hata kidogo, na lisiachwe bila mtu.

Chupa pana za glasi ziloweke kwenye maji ya moto na sabuni kwa nusu saa, lebo itoke. Utelezi wa gundi unaobaki hauondoki kwa sabuni. Upake mafuta ya kupikia, uache dakika 20, usugue kwa chumvi, ndipo uoshe.

Lebo za majina zikatwe kwenye masalio ya kadi, tundu moja, uzi mmoja. Geuza nyuma kwanza. Si vizuri shangazi akakuta mwandiko wake mwenyewe kwenye zawadi yako.

Kama mpokeaji ni mtoto chini ya miaka 3, vifungo, vizibo na shanga visiwepo juu ya zawadi wala kwenye mapambo anayoyafikia, anavitia mdomoni. Badala yake tumia fundo la kamba ya fulana.

Baada ya sikukuu, vitambaa vikunjwe, karatasi ziviringishwe kwenye bomba la kadibodi, na matufe yawekwe kwenye trei za mayai. Kitu chochote chenye gundi ya unga kikauke kabisa kabla ya kufungiwa boksini, walau siku mbili juani au mahali penye upepo. Unga mbichi huota ukungu, na mende huupenda.